Mkono wa Mtoto: Ni Umbo au Ni Ukaidi?

Tumeulizwa suali katika darasa yetu ambalo tumeona si haki kulijibu kwa maneno mawili na kwenda zetu, kwani lawahusu watoto wengi na wazazi wengi, na lahusu pia namna tunavyoifahamu dini yetu. Muulizaji ni mama mmoja wa mji wetu. Ana binti wa miaka minne ambaye tangu alipoanza kushika vitu hunyosha mkono wa kushoto kwanza. Alipopelekwa chuoni alishika kalamu kwa mkono huo huo. Mwalimu alimkataza siku ya kwanza, akamkaripia siku ya pili, na siku ya tatu akaufunga mkono wa mtoto kiunoni kwa kipande cha leso, naye akakaa hivyo mpaka adhuhuri. Sasa mtoto akiamshwa asubuhi hulia, chuo hakitaki tena. Mama auliza: Je, mwanangu ana dhambi? Na je, mimi nitakuwa na dhambi nikimtoa leso ile?

Darasani yalitoka maneno ya kila namna. Mmoja alisema kwamba kushoto ni upande wa Shetani, na mtoto akiachwa huko ataharibika. Wa pili alisema kosa ni la mama, alimbeba mtoto upande usiofaa akamzoesha vibaya. Wa tatu alisema huo ni ukaidi mtupu, na dawa ya ukaidi ni fimbo. Maneno haya matatu hayawezi kuwa kweli yote pamoja, kwani jambo likiwa ni la Shetani si la mama, na likiwa ni la mama si ukaidi wa mtoto. Hayo peke yake yangetosha kutuonyesha kwamba tulikuwa twasema kwa dhana. Wanazuoni wetu tangu zamani wametufunza kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Asiyelijua jambo lilivyo, hukumu yake ni kubahatisha. Basi na tuanze kwa kulifahamu jambo lenyewe, kisha ndipo tuseme hukumu yake.

Wengi wetu twadhani kwamba mtoto huzaliwa na mikono miwili iliyo sawasawa, kisha wazazi na walimu humchagulia mmoja. Sivyo. Katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, mtaalamu aitwaye Peter Hepper na wenzake waliwatazama watoto wakiwa bado tumboni, kwa mashine ipigayo picha kwa mawimbi ya sauti, kama ile wanayotumia madaktari wetu kuwatazama waja wazito. Mwaka 1991 walieleza kwamba mtoto tumboni hunyonya kidole gumba, na kwamba zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hunyonya kidole cha mkono wa kulia, na haya huonekana tangu mimba iko wiki ya 15. Kisha wakawafuata baadhi ya watoto hao mpaka wakafika umri wa miaka 10 hadi 12, wakatoa khabari zao mwaka 2005. Watoto 60 walionyonya kidole cha kulia tumboni, wote 60 walikuwa watu wa kulia. Watoto 15 walionyonya kidole cha kushoto, 10 katika hao walikuwa wenye shoto, na 5 walikuwa wa kulia.

Na tuyatafakari hayo. Mtoto huyo hajauona uso wa mama yake, hajaadhiniwa sikioni, hajabebwa ubavu wa kulia wala wa kushoto, wala hajapewa kijiko. Na tayari mkono wake mmoja umekwisha kutangulia. Katika mwaka 2017 wataalamu wa Bochum, Ujerumani, pamoja na wenzao, walilirudisha jambo hili nyuma zaidi. Walieleza kwamba tangu wiki ya 8 ya mimba kuna tofauti baina ya upande wa kulia na upande wa kushoto wa uti wa mgongo, katika sehemu ile ile inayoongoza mikono, ilhali wakati huo ubongo bado haujaunganika na uti wa mgongo hata uweze kuuamrisha mkono.

Baada ya kuzaliwa jambo hili huendelea hatua kwa hatua. Kitoto kichanga kikilazwa chali hugeuza kichwa upande mmoja zaidi kuliko wa pili, na wengi hugeuza upande wa kulia. Kichwa kikigeuka, mkono wa upande ule hunyoka na wa pili hukunjika, kama mtu avutaye upinde. Arnold Gesell na Louise Ames wa Marekani, ambao waliwapiga watoto picha za sinema ili kuwachunguza wanavyokua, walieleza habari hizi mwaka 1947. Na mwaka 1981 George Michel akaonyesha kwamba upande anaopendelea mtoto mchanga kugeuza kichwa hubashiri mkono atakaotanguliza baadaye katika kushika vitu. Maana mkono ulio mbele ya macho ndio mtoto autazamao, na ule autazamao ndio ajifunzao kuutumia.

Afikapo miezi minne au mitano mtoto huanza kunyosha mkono ili ashike. Hapo mzazi asifanye haraka kusema kwamba huyu ni wa shoto au wa kulia, kwani katika mwaka wa kwanza mkono hubadilika badilika: wiki hii wa kulia, wiki ijayo wa kushoto, kisha yote miwili pamoja. Uchunguzi uliotolewa huko Marekani mwaka 2014, wa watoto 328 waliotazamwa tangu miezi 6 hadi miezi 14, ulionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa bado hawajaupambanua mkono mmoja. Mwaka wa kwanza ukiisha, mtoto huanza kazi za mikono miwili, mmoja washika mkebe na wa pili wafungua kifuniko, na hapo mkono mkuu hudhihiri zaidi. Kwa watoto walio wengi mkono huwa umetulia wafikapo miaka mitatu au minne, kisha huzidi kupata nguvu katika miaka ya shule. Kwa ufupi, umbo huanza na mazoea hukamilisha. Lakini lililoanza ni umbo.

Je, watu kama hawa ni wangapi? Mwaka 2020 wataalamu walikusanya hesabu za chunguzi nyingi zilizofanywa katika nchi mbali mbali, zenye watu zaidi ya milioni mbili, wakaona kwamba wenye shoto ni kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi. Chuo chenye watoto thelathini basi ni jambo la kawaida kuwa na watatu. Nasaba ina sehemu yake: wazazi wote wawili wakiwa wa kulia, kiasi cha watoto 9 au 10 katika 100 huwa wa shoto, na wazazi wote wawili wakiwa wa shoto, huwa kiasi cha 26 katika 100. Ina maana kwamba hata wazazi wawili wenye shoto, watoto wao walio wengi ni wa kulia. Na pacha waliotoka katika yai moja, waliofanana hata shangazi yao asiweze kuwatambua, mara nyingine mmoja huwa wa kulia na mwenziwe wa shoto. Hakuna jeni moja la shoto. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, wa watu zaidi ya milioni moja na nusu, ulipata sehemu 41 za urithi zinazohusika, na kila moja nguvu yake ni ndogo. Mzazi atafutaye wa kumlaumu hatampata.

Baada ya kulifahamu jambo, turudi katika hukumu yake.

Suali la kwanza la mama lilikuwa: mwanangu ana dhambi? Jawabu ni hapana, na kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwamba dini yetu yasema wazi kuwa mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe. Hata Sala, iliyo nguzo ya dini, mzazi ameamrishwa kumwamuru mwanawe afikapo miaka saba, na ukali haukutajwa ila afikapo miaka kumi. Basi ni nani aliyetupa sisi ukali wa miaka minne, tena kwa ajili ya kalamu? Njia ya pili ni kwamba dhambi ni tendo la mtu mwenye khiari. Mtu haulizwi kwa nini alizaliwa mrefu au mfupi, mweusi au mweupe. Ataulizwa alitenda nini kwa urefu wake na kwa nguvu zake. Mwelekeo wa mkono, kama tulivyoona, umetangulia akili ya mtoto, umetangulia hata kuzaliwa kwake. Mwenye kuulaumu mwelekeo huo asimlaumu mtoto. Na amwogope Mola wake, kwani aliyeuumba mkono wa kulia ndiye aliyeuumba na wa kushoto.

Hapa atasimama mtu atuambie: Mwataka kuivunja Sunna? Je, Mtume (S.A.W.) hakuamrisha kula na kunywa kwa mkono wa kulia? Tunamjibu: Naam, ameamrisha, nasi twasikia na twatii. Sunna ya kuutanguliza mkono wa kulia katika mambo ya heshima ni Sunna iliyothibiti, na haitubidii kuificha wala kuionea haya kwa sababu ya maneno ya wataalamu. Lakini hapana budi tupambanue mambo mawili ambayo watu wameyachanganya. Mwelekeo wa mkono ni umbo. Adabu ya mkono ni tendo. Umbo haliamrishwi, tendo huamrishwa, na hufunzwa.

Na mwenye kudhani kwamba mtoto wa shoto hawezi kufunzwa adabu ya kula, na amtazame mtoto wa kulia. Mtoto wa kulia naye hufundishwa kustanji kwa mkono wa kushoto, ambao si mkono wake mkuu. Hujifunza kwa muda, mama yake akimwelekeza kwa upole, na mwisho huwa ni mazoea yake ya maisha; wala hatujasikia mtu aliyemfunga mwanawe mkono wa kulia kwa ajili hiyo. Adabu basi yamtaka kila mtu aulazimishe mkono wake mmoja kufanya kazi usiyoizoea. Wa kulia ana sehemu yake na wa shoto ana sehemu yake. Kutia tonge kinywani si kazi ya ustadi mkubwa. Kila mkono waiweza ukifundishwa. Mtoto wa shoto anaweza kabisa kula kwa mkono wa kulia, na ni wajibu wetu kumfunza hivyo kama tunavyowafunza nduguze.

Lakini tumfunze vipi? Tunayo mifano miwili katika khabari za Mtume wetu. Wa kwanza ni wa kijana Umar bin Abi Salama, aliyekuwa akilelewa nyumbani kwa Mtume, na mkono wake ukizunguka ovyo ndani ya sinia. Mtume alimwambia ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Maneno matatu, yaliyosemwa kwa upole, na yule kijana akasimulia mwenyewe kwamba tangu siku ile ulaji wake umekuwa hivyo. Hapakuwa na leso wala fimbo. Mfano wa pili ni wa mtu mzima aliyekuwa akila kwa mkono wa kushoto. Alipoambiwa ale kwa wa kulia alisema kwamba hawezi, akaapizwa asiweze. Wako wanaoishika khabari hii ili waonyeshe ukali, nao husahau maneno yaliyo mwisho wake: kwamba hakikumzuia mtu yule ila kiburi. Lililochukiwa ni kiburi cha mtu mzima mwenye kuweza. Imam Nawawi, alipoieleza khabari hii, alisema kwamba mwenye udhuru, kama ugonjwa au jeraha, hana lawama. Basi iko wapi nafasi ya mtoto wa miaka minne katika jambo hili? Yeye hana kiburi. Ana mkono tu.

Ama kuandika, kushona, kukata kwa kisu na kupiga nyundo, hizo ni kazi za ustadi, na ustadi watoka katika mkono ulioumbiwa kutangulia. Mwenye kudai kwamba ni haramu kwa mwenye shoto kuandika kwa mkono wake, yeye ndiye wa kuleta dalili, kwani asili ya mambo ni uhalali mpaka uje ushahidi wa kuyakataza. Asituletee maneno ya wazee peke yake. Wazee tunawaheshimu, lakini dini haichukuliwi kwa kuwa babu alikuwa akifanya hivi.

Kuna na shubuha nyingine, nayo ni ya watu wanaosoma katika Kitabu kitukufu khabari za watu wa kuliani na watu wa kushotoni Siku ya Kiyama, na khabari za mwenye kupewa kitabu chake kwa mkono wa kulia na mwenye kupewa kwa mkono wa kushoto, wakadhani kwamba hayo yamhusu mtu aandikaye kwa kushoto hapa duniani. Hii ni dhana ya mtu asiyesoma mbele wala nyuma ya aya. Watu wale wametajwa kwa imani zao na matendo yao: kulisha maskini na kutolisha, kusadiki na kukadhibisha. Hapana mmoja aliyetiwa Motoni kwa sababu ya mkono alioshikia kalamu. Na waandishi wa khabari za Masahaba wameeleza kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab alikuwa akitumia mikono yake yote miwili sawasawa. Lau mkono wa kushoto ungekuwa ni alama ya Shetani, ni nani angethubutu kusema hivyo juu ya yule ambaye Shetani alikuwa akiikimbia njia yake?

Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya lawama hii haikutoka katika dini bali katika ulimi. Sisi Waswahili twasema mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Twasema pia mkono wa kuume, na wa pili wazee waliuita wa kuke, kana kwamba mmoja ni mwungwana na wa pili ni mtumishi. Mtoto hukulia katika maneno haya kabla hajaijua aya hata moja. Na Waarabu, ambao lugha yao ndiyo ya Kitabu, mkono huu huu wa kushoto wauita pia yusra, neno litokalo katika wepesi na usahali. Jina la kitu si hukumu yake.

Na tuseme kidogo juu ya mwisho wa leso na fimbo, kwani mwenye kufunga mkono hudhani kwamba anatengeneza. Mwaka 1986 jarida moja la Marekani, National Geographic, liliwauliza wasomaji wake juu ya mikono yao, wakajibu zaidi ya watu milioni moja. Katika wazee waliozaliwa mwanzo wa karne ya 20, wakati ambapo shule za huko zilikuwa kali kwa mkono wa kushoto, wenye kuandika kwa kushoto walikuwa wachache mno, kiasi cha 4 katika 100 au pungufu. Na katika waliozaliwa baada ya nusu ya karne, wakati ukali umelegea, walizidi 10 katika 100. Je, umbo la watu lilibadilika katika miaka hamsini? Halikubadilika. Kilichobadilika ni fimbo. Na mwaka 2007 Stefan Klöppel na wenzake waliutazama ubongo wa watu wazima ambao utotoni walikuwa wa shoto wakalazimishwa kuandika kwa kulia. Mkono ulikuwa umekubali amri, lakini sehemu za ubongo zinazopanga kazi kabla mkono haujatenda zilikuwa bado zafanya kazi kama za watu wa shoto. Fimbo iliufikia mkono, ndani haikufika.

Wako wanaotetea watoto hawa kwa kusema kwamba mtoto akilazimishwa atakuwa na kigugumizi. Maneno haya yalienezwa na Samuel Orton na Lee Travis wa chuo kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1920, lakini chunguzi za baadaye hazikuyathibitisha, nasi hatutayatumia. Ukweli hauhitaji kusaidiwa na jambo lisilothibiti. Madhara tunayoyaona kwa macho yetu yatosha: mtoto anayelia asubuhi, herufi alizozichukia, na Kitabu cha Mungu kilichoshikana katika moyo wake na maumivu ya kiuno. Mwalimu aliyetaka kumfunza mkono mmoja amemfundisha kuchukia chuo kizima. Hiyo ndiyo hasara, na ni mwalimu atakayeulizwa juu yake.

Sasa twatoa nasaha zetu kwa wazazi na walimu.

Kwanza, mtoto mchanga aachwe achague. Kitu kiwekwe katikati mbele yake, kisisogezwe kulia wala kushoto, na asifanyiwe haraka kabla ya miaka mitatu au minne.

Pili, na hili lahitaji hadhari kubwa: mtoto ambaye hata mwaka mmoja hajatimiza, akaonekana atumia mkono mmoja tu siku zote, na wa pili ameukunja ngumi au hauchezeshi, huyo apelekwe kwa daktari. Hiyo aghlabu si shoto wala kulia; yaweza kuwa ni udhaifu wa upande mmoja wa mwili uletwao na maradhi ya ubongo au ya mishipa ya fahamu, na kutazamwa mapema kuna manufaa. Mwenye kuufunga mkono mzima wa mtoto kama huyo hujificha ugonjwa yeye mwenyewe.

Tatu, adabu ya kula na kunywa, ya kutoa na kupokea, ianze kufunzwa mezani na jamvini tangu utotoni, kwa neno zuri na kwa mfano wa wakubwa, na mtoto akisahau akumbushwe. Akisahau mara mia akumbushwe mara mia.

Nne, mwalimu aliye na mwanafunzi wa shoto na amkalishe mwisho wa mstari upande wa kushoto, ili viwiko visigongane, na daftari lake liinamishwe kuelekea upande wa kulia. Na hapa kuna jambo ambalo waalimu wa vyuo wangelifurahia lau wangelitazama. Herufi zetu za Kiarabu zaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono wa kushoto hutangulia mbele ya wino na hauyafuti maneno uliyokwisha kuyaandika. Mtoto huyu hupata taabu shuleni katika herufi za Kizungu, ambako kiganja chake hupita juu ya wino. Lakini chuoni, mbele ya alifu na be, njia yake ni nyepesi. Mahali ambapo angeweza kupata raha ndipo tunapomfungia mkono.

Suali la pili la mama lilikuwa: nitakuwa na dhambi nikimfungua? Tunamjibu: Mfungue, bibi, wala usiogope, na umfunze kula kwa mkono wa kulia kwa upole kama ulivyomfunza kusema bismillahi. Tumekwisha kusema na mwalimu wake. Ni mtu mwema mwenye bidii, naye alifanya aliyofanyiwa yeye. Amesikia, na leso imeondoka.

Nisingependa kumaliza kwa kumhukumu mwalimu yule na kujificha mimi. Niandikaye haya nilisomesha watoto katika ujana wangu, na nilimpiga mtoto mmoja kwa rula juu ya vifundo vya mkono wa kushoto, si mara moja wala mbili, nikidhani kwamba naihudumia dini. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, ni fundi wa kushona kofia, na kofia zake watu huziagiza kutoka mbali. Mwaka uliopita tulikutana katika walima tukakaa sinia moja. Nilimtazama akila: alikula kwa mkono wa kulia, kwa adabu, tonge kwa tonge. Baada ya kunawa nilimwuliza, hali naona haya, sindano huishika kwa mkono gani. Akainua mkono ule ule nilioupiga, akacheka, akasema: "Maalim, huu ndio unaonipa riziki." Nikamwomba radhi mbele ya watu, akanisamehe.

Wako wengine niliowapiga ambao sijui walipo, na hao sijawaomba radhi. Basi kila mwenye mtoto mbele yake leo, na aushike mkono ule alionao, wowote utakaokuwa, na aufunze kheri. Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.